Kura Zilizotafunwa

Kura zetu zilitafunwa kabla ya kuhesabiwa. Zilikuwa buni za kahawa, zile zinazochemshwa na kukaushwa ili wageni watafune, na wazee wa ukoo walizipokea, wakatia mdomoni, wakaendelea kujadili mahali pa kumzika shangazi yangu.

Ilikuwa Kagoma, Muleba, asubuhi baada ya mwili kuletwa kutoka hospitali. Wanaume walikaa sebuleni, mlango umerudishwa. Sisi mabinti na wake wa ukoo tulikuwa nyuma ya nyumba, tunamenya ndizi.

Shangazi alizaliwa katika nyumba hiyo. Alisomea misheni ya Kashozi, akawa mwalimu, akaolewa hukohuko, na ndoa ilipomshinda akarudi kwa baba yake bila mtoto. Nchi ilikuwa inaelekea uhuru. Kura ilikuwa na masharti ya elimu au kipato, na wanawake wengi wa vijijini hawakuyafikia. Yeye aliyafikia, na hilo lilimkera kuliko kama angekataliwa. Akaanza kuzunguka kwa miguu, Kagoma hadi Kemondo, akidai kwa wakubwa wa wilaya kwamba kila mwanamke apige kura, na akiwaonyesha wanawake namna ya kupiga kura hiyo siku itakapokuja.

Siku ilikuja, lakini hakuacha kufundisha. Nilipokuwa mtoto nilimwona kila uchaguzi ulipokaribia. Alifunga kanga kati ya migomba miwili, nyuma yake akaweka vibuyu viwili, kimoja kimefungwa jani bichi, kingine kitupu, bila jani. Kila mwanamke alipewa buni moja akaingia peke yake. Walichagua wapike ndizi kwa maharage au kwa samaki.

"Mume wangu akiniuliza nimechagua nini?" mmoja aliuliza siku moja.

"Mwambie maharage," shangazi akasema. "Akitaka kujua zaidi, mpikie maharage."

Ukoo ulikuwa jambo jingine. Kila Desemba, watoto wa mjini wanaporudi nyumbani, wanaume hukutana kuzungumzia vibanja, mashamba ya migomba na kahawa ya ukoo, na kila mara alisimama mlangoni akaomba mabinti nao wakae ndani. Walimsalimia kwa heshima, wakampa rubisi, pombe ya ndizi, kwenye kibuyu chake mwenyewe, wakarudisha mlango. Mwaka uliofuata alisimama tena. Mwishoni alikuwa anasimama kwa fimbo.

Ombi lake la mwisho lilikuwa dogo. Alitaka kulala kando ya baba yake, katika kibanja alichokipalilia tangu arudi, na ambamo alimlea binti wa kupanga, mtoto wa jirani aliyefiwa na wazazi. Kwetu watu huzikwa kibanjani, na kila mtu anajua kwamba kaburi hushikilia ardhi kuliko karatasi. Ndiyo maana ombi lile halikuwa dogo. Akilala pale, binti yake atakuwa na kaburi la mama la kuonyesha.

Majirani walikuwa wameshachimba. Hakuna aliyewaambia wasichimbe. Walikuja alfajiri na majembe kama wanavyofanya kwa kila msiba, wakachimba kando ya babu, na shimo lilikuwa tayari wazee walipokaa kuamua kama litatumika.

Aliyeanzisha habari ya buni ni rafiki wa shangazi, bibi Mwislamu kutoka Bukoba mjini, ambaye ujanani walizunguka pamoja. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, baibui limekunjwa magotini, kisu mkononi.

"Serikali inaniruhusu kumchagua rais," alisema. "Hapa siruhusiwi kumchagulia mwenzangu shimo."

"Bibi, wewe si wa ukoo," mwanamke mmoja akamtania.

"Na wewe wa ukoo, uko ndani?"

Wakacheka. Binti wa shangazi aliinuka, akaingia stoo, akatoka na buni na vibuyu viwili, akafunga kanga kati ya migomba. Jani bichi lilikuwa la kibanjani, kibuyu kitupu kilikuwa cha makaburi ya kanisa. Tulienda mmoja mmoja nyuma ya kanga. Hata wale ambao waume zao walikuwa sebuleni wakisema hapana walikwenda. Tulipomimina, kibuyu kitupu hakikuwa na kitu.

Binti aliziweka buni kwenye kikapu kidogo, kwa kuwa hakikuwapo chombo kingine kilicho safi. Nilimfuata nikasimama mlangoni. Alipiga magoti kama inavyotakiwa, akakinyanyua kikapu mbele ya mkuu wa ukoo, ambaye ni baba yangu mdogo.

"Waitu, hizi ni za akina mama," alisema, akimwita kwa neno letu la heshima. "Sote tumesema azikwe hapa."

Kulikuwa na mabishano upande wa dirisha, na sauti yake ni ndogo. Mzee alikipokea kikapu kwa mikono miwili.

"Asante mwanangu. Mmetukumbuka."

Akachukua moja, akampa aliye kando, naye akampa mwenziwe. Sijui alisikia nini. Nimemtazama mara nyingi tangu siku ile na sijapata jibu usoni mwake. Ninachojua ni kwamba kikapu cha buni mbele ya wanaume wa kwetu ni ukarimu, hakijawahi kuwa kitu kingine, na binti yule hakuweza kuwaambia wazee wateme.

Tuliporudi nyuma, bibi wa mjini aliuliza, "Wamehesabu?"

"Wanatafuna," nikasema.

Aliendelea kumenya ndizi.

Mchana walitoka na uamuzi. Kibanja cha ukoo hakilazi binti aliyeolewa, hata kama alirudi. Shangazi akazikwa kwenye makaburi ya kanisa. Diwani alisema kwamba marehemu aliwafundisha kina mama wa Muleba kupiga kura, tukapiga makofi, akaondoka kuwahi msiba mwingine. Kwa kuwa shimo lililochimbwa haliachwi wazi, majirani walikata mgomba, wakaulaza kando ya babu, wakaufukia.

Wiki iliyofuata wanaume wa ukoo walipanda mlamula, mmea wetu wa mpaka, kati ya nyumba na migomba. Walimwambia binti wa shangazi asiwe na wasiwasi, anaweza kukaa ndani hadi ukoo utakapokutana. Mkutano umeahirishwa mara mbili. Nilikwenda kumwona mwezi uliopita. Alikuwa amekaa kizingitini, upande wa nyumba wa mlamula. Ng'ambo yake, katikati ya migomba, kahawa ilikuwa imeiva na nyingine imeanza kudondoka, na hakuna aliyemwambia kama achume.