Kiti cha Marehemu

Kazi yangu ni kutunza wazee hapa Birmingham. Mmoja wao alipofariki, binti yake alinipa tiketi ya babake ya msimu, ya kutazama mpira kwenye kiti kile kile kila mechi kule Aston. Kwetu Kenya hukalii kiti cha marehemu hivi hivi, lakini hamu ya mpira ilinishinda.

Babu wa kiti cha jirani hakunitazama hata mara moja. Wakati wa mapumziko akauliza, macho yake kwenye uwanja mtupu, "Goti nalo linaendeleaje?"

Nikashtuka. Mimi siumwi goti. Marehemu ndiye niliyekuwa nikimsugua goti kila asubuhi.

"Mzee, mwenye kiti alishafariki," nikasema kwa ukali.

"Najua. Kwani nimekuuliza wewe?"

Kisha akatabasamu, kama mtu aliyejibiwa vizuri.