Nusu ya Pili ya Kitabu cha Mwalimu Jentrix

Mwaka 1988 mwalimu Jentrix alitoka Bungoma na kitabu cha Kiingereza cha mwanamke wa ng'ambo aliyetekwa nyara, akapona, akaandika. Kila Alhamisi alasiri akina mama wa kanisa letu, nje kidogo ya Kitale, walijazana sebuleni kwake awasomee kwa Kiswahili. Mke wangu Chepkemei alienda mara moja, akarudi akisema chai ilikuwa na maziwa mengi na machozi mengi zaidi.

Walilia kweli. Walimlilia mzungu wasiyemjua, na kati yao ameketi Jerono, mjane jirani yangu. Mwaka uliotangulia wezi wa mifugo walimchukua awaswagie ng'ombe, wakamshikilia kwao msimu mzima wa mvua. Aliporudi hakuna aliyelia. Waliuliza, "Na ng'ombe?"

Tangu hapo hakuweza kulala kitandani. Usiku alikaa ameegemea mlango, akisikiliza nje. Alhamisi alikwenda kwa jambo moja tu: kujua yule mwenzake alianzaje kulala tena.

Mateka wa kitabuni alipofika kwao, sebule ikapungua watu. Kupona hakuna utamu. Mara anagombana na mamake, mara anapanda maharagwe.

"Ruka hapo, mwalimu," akasema Lenah, mwenyekiti wao. "Ati kuna mtu anashikwa tena?"

"Hakuna."

"Si basi imeisha, bana! Jerono, wiki ijayo wewe utuambie yako. Na usifiche kitu."

"Yangu pia imeshafika nyumbani," Jerono akajibu. "Mtairuka."

Akaomba kitabu, akaniletea. Mimi Kiingereza nilijifundisha kwa magazeti ya kufungia nyama, lakini nilimsomea nusu ile yote. Mwanamke yule alipona kwa kwenda kwa daktari kila wiki na kuketi naye.

"Anamdunga sindano?"

"Hapana. Anamsikiliza. Siku nyingine wananyamaza tu wote wawili."

Jerono alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. "Mzee, huyo daktari wa kunyamaza tutamtoa wapi sisi?"

Nikamwambia tulikuwa naye, tukamfukuza. Nilipokuwa mtoto, aliyerudi kutoka mikononi mwa maadui hakuulizwa neno. Mama mzee wa jirani alihamia kwake, akalala kati yake na mlango, hadi mwenyewe aseme inatosha. Kisha tukaambiwa hayo ni mambo ya giza, tukaitikia amina. Sasa tumeelimika: tunayanunua yale yale dukani, na tukifika kwenye ukurasa wake tunauruka.

Chepkemei alikuwa akipukuchua mahindi. Akainuka, akachukua blanketi lake.

"Twende kwako."

"Kogo," Jerono akasema, akimwita kama bibi yake, "watakusema kanisani."

"Waseme. Wakinifukuza, mgongo wangu utapumzika kutokana na yale mabenchi."

Walisema. Jumapili Lenah alitangaza kwamba Jerono amerudi gizani, akaomba maombi. Siku chache baadaye Jentrix mwenyewe akaja kudai kitabu asubuhi. Kulikuwa na akina mama wengine Bungoma wakingoja kulia. Alimkuta Chepkemei amesimama mlangoni kwa Jerono, kidole mdomoni. Jua lilikuwa limepanda, ng'ombe wetu wanalia wakamuliwe, na ndani, kitandani, Jerono alikuwa akikoroma.

"Rudi mchana, mwalimu," Chepkemei akanong'ona. "Na utembee polepole."