Mbuzi Yangu, si Mbuzi Wangu

Mama mkwe alitua Maskati mwanzoni mwa Kwaresima yao, na begi moja, akitokea kijiji cha Urusi ambacho ukipiga chafya mwanzo wake unasikika mwisho wake. Nilifika huko mara moja, nilipokwenda kumposa binti yake. Nyumba ni za mbao, nyingi zimepigiliwa misumari madirishani kwa kuwa wenyewe wamehamia mijini, na kilimani ipo monasteri ya watawa wanawake wa Kiorthodoksi. Kengele yake ndiyo saa ya kijiji kizima. Niliteleza kwenye barafu mbele ya lango lake, nikainuliwa na mtawa mzee aliyecheka mpaka ushungi ukamkaa upande. Nikawapenda watu wale tangu siku hiyo.

Mke wangu hakutaka mama yake aendelee kuishi peke yake kule. Majira ya baridi yaliyopita alianguka uani, akalala kwenye theluji mpaka watawa walipomkosa jikoni kwao, maana kila asubuhi alikwenda kuwamenyea viazi. Tukakubaliana akae nasi hapa Hail, mtaa wetu wa Maskati, mwezi mmoja, kisha aamue mwenyewe.

Mwezi ulianza vibaya. Katika mfungo wao hawali nyama, mayai wala maziwa, na mama yangu, mzaliwa wa Unguja, haamini kuwa mgeni ameshiba mpaka ale nyama. Siku tatu mama mkwe alikula mkate, matango na tende. Akimaliza hukaa kwenye kochi, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri daktari. Akigusa sahani chafu, mama humnyang'anya. Mimi sina subira, nilishaanza kununa. Mke wangu alikuwa akilia bafuni akidhani hatumsikii.

Siku ya nne mama alipata wazo, akamwita mke wangu.

"Mwambie mamako asitie shaka. Nna mbuzi yangu stoo, naitoa sasa hivi. Leo atakula ashibe."

Aliyezaliwa na lugha hii angesikia "yangu" akajua kuwa mama hazungumzii mnyama, maana mnyama angekuwa "wangu". Mke wangu Kiswahili alijifunza ukubwani. Alisikia mbuzi tu, akatafsiri hivyo hivyo. Mama mkwe akainuka, akaingia chumbani, na tukasikia zipu ya begi.

Nilitaka kucheka, lakini uso wa mke wangu ulinikata maini. Nikakimbilia stoo, nikaibeba mbuzi yenyewe: kigoda cha mbao chenye ulimi wa chuma wa kukunia nazi, alichokuja nacho mama kutoka Unguja. Tulimcheka miaka yote, kwa kuwa tui la kopo limejaa madukani. Nikabisha hodi kwa mgeni, nikakiweka miguuni pake.

"Mbuzi," nikamwambia.

Mama akafika na nazi mbili, akazivunja, akakaa, akakuna. Alipokamua tui, mke wangu akaeleza kuwa hayo si maziwa ya mnyama yeyote. Mama mkwe akaonja kwa ncha ya kidole, kisha akamwashiria mama ainuke, akakaa yeye. Alikuna upesi, kwa mikono iliyozoea kulisha monasteri nzima, chembe za nazi zikamrukia hadi kwenye kitambaa cha kichwa. Mara hii mama hakumnyang'anya kitu.

"Mtizame! Kama kazaliwa Unguja!"

Mchana ule alikula sahani mbili za mbaazi za nazi. Nilifurahi hata nikaona haya.

Mwezi ulipokwisha, akasema lazima arudi kijijini. Mke wangu machozi yakamlengalenga. Ni wiki mbili tu, mama yake akamwambia: akawaage watawa na kuwaachia funguo za nyumba. Kisha akamgeukia mama yangu, akakitafuta Kiswahili chake neno kwa neno.

"Mbuzi yangu," akasema. "Usimpe mtu."