Hatumchinjii Mlowezi

Tulikuwa tukienda kuchinja Jumamosi asubuhi, na mwanamke nilikuwa mimi peke yangu. Wanaume walilalamika wee mpaka wakachoka. Eti machinjioni si mahali pa mama wa watu. Nikawauliza, nyinyi mkiachwa wenyewe mnaleta nini? Si mlishaniletea beberu mzee, nyama inachemka tangu asubuhi na bado inapigana na meno? Basi nikawa naingia garini nao pale Hyattsville, huku ughaibuni tulikohamia, visu vimeviringishwa kwa taulo, karai la matumbo mapajani, tunapita maghala ya Landover na ule uwanja mkubwa wa mpira uliokuwa bado mpya, tunashuka kusini mpaka nyumba zinapungua na miti inaanza.

Mwenye shamba alikuwa Mzungu mzee, mjane, mrefu wa kuinama mlangoni, mikono mizito. Wenzake ukiwaambia unataka mbuzi umchinje mwenyewe, wanakutazama kama jambazi. Yeye alisema tu, chagueni, ghala lile pale, maji yale pale. Ghala lilikuwa la kukaushia tumbaku, la mbao nyeusi, boriti zimepangana hadi juu, na ile ya chini ndiyo tuliyokuwa tukimtundikia mbuzi. Nilimpenda kwa hilo. Nilimwita baba, na baada ya kuchekacheka siku za kwanza akawa anaitika.

Kisu alishika kijana wa Tanga, dereva wa teksi, Mwislamu wa swala tano, maana akichinja yeye tunakula wote, wa kanisani na wa msikitini. Mimi nilimwita shehe kwa kumchokoza. Alikuwa na mkono mwepesi. Anamlaza mbuzi, anamwelekeza kibla, bismillahi, na kabla mnyama hajajua kuna nini koo limeshafunguka, damu inaruka, miguu inarusha mateke hewani mpaka inaishiwa nguvu. Mimi nakinga damu kwa sufuria, niijaze kwenye utumbo nipate mutura.

"Dada, hiyo damu ni haramu," ananiambia.

"Shehe, wewe chuna ngozi. Utamu wa wenzio haukuhusu."

Wakati tunachuna, mzee alikuwa anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kutusimulia habari za mtu wa kwanza wa ukoo wake, Mwingereza aliyekuja na meli enzi za walowezi wa mwanzo kabisa, zaidi ya miaka mia tatu nyuma, akafyeka msitu pale pale tulipokuwa tumesimama na kupanda tumbaku. Jina lake wamerithishana wazaliwa wa kwanza wote mpaka kumfikia yeye. Alijua meli, alijua mipaka ya shamba. Kaburi la Mwingereza huyo lilikuwa pale pale, chini kidogo ya ghala, vichakani: bamba la jiwe lililoletwa kutoka Uingereza, herufi zake zimefifia hata hazisomeki.

Sasa, neno mlowezi mimi usiniambie. Nimezaliwa upande wa Kitale. Babu yangu alipigwa kiboko na mlowezi kwa sababu ng'ombe aliingia kwenye mahindi, akapigwa mbele ya watoto wake, na mpaka anakufa alikuwa analala kifudifudi. Kwa hiyo mzee alipokuwa anasifia, mimi moyo ulikuwa unachemka. Siku moja nikashindwa. Nikamwuliza, "Baba, hayo ya meli tumesikia. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Hakujua. Akaniambia hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo.

Kumbe lile swali lilimkaa kooni. Majira ya baridi yote akawa anaendesha gari mpaka Annapolis, kwenye nyaraka za mahakama za kale, anamfuatilia babu yake. Kila tukienda, ana kipande kipya. Kwanza alikuja akiwa anafurahi: jamaa alifika hana kitu, mtumishi wa kufungwa kwa mkataba, na bwana wake alimchapa hadi akampasua sikio. Nikasema haya, pole yake. Mara ya pili hakuwa na furaha sana. Jamaa amemaliza mkataba, amepata ardhi, na ametoka na wenzake kwenda kuchoma kijiji cha wenyeji huko juu ya mto, watu wamo ndani wamelala. Wanaokimbilia majini wanapigwa risasi majini. Aliyaeleza haya akitazama viatu vyake.

"Na ardhi yao?" shehe akauliza.

"Si ndiyo hii," mzee akasema.

Jumamosi ya mwisho tulimkuta amesimama ghalani, hakukalia ndoo. Alipoanza kusimulia tulikuwa tumeshamchinja mbuzi wa kwanza, ananing'inia kwenye boriti kwa miguu ya nyuma, ngozi imeshavuliwa nusu, anadondosha. Mzee akawa anamtazama yule mbuzi huku akizungumza, na sauti yake haikupanda wala kushuka.

Mlowezi alikuwa na mtumishi, msichana Mwingereza mwenzake, aliyefungwa mkataba kama yeye alivyokuwa. Msichana akatoroka. Mlowezi akamsaka kwa mbwa, akamrudisha, akamfunga mikono na kumtundika kwenye boriti ya ghala la tumbaku. Akampiga kwa mpini wa jembe mpaka ukavunjika, akaenda kuchukua mwingine. Akamwagia maji ya chumvi mgongoni. Majirani walisikia, wakaja kueleza mahakamani kwamba walimsikia akiomba maji, kisha akimwita mama yake, kisha wakasikia mpini tu. Na waamuzi, watu wa kula naye meza moja, wakasema msichana amekufa kwa ukaidi wake. Akarudi nyumbani akaendelea na tumbaku yake.

"Ghala hili?" nikauliza.

"Lile lilioza. Hili lilijengwa juu ya msingi wake."

Shehe akaondoa mkono wake kwenye mbuzi kama umeungua. Mimi nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu, yeyote, na waliokuwepo hawakuwa na kosa. Nikatema mate chini.

Ndipo mzee alipotuomba. Ndugu yake mdogo, mtu wa kompyuta huko Gaithersburg, ambaye shamba ni la wote wawili, alikuwa amepanga kulizungushia lile kaburi uzio, kisha kuwakusanya jamaa wa ukoo kutoka kila jimbo waje wavue kofia mbele yake. Mzee akasema hataki. Akasema, mbuzi wa leo bado mmoja, yule mweusi. Mchinjieni juu ya jiwe lake. Mwageni damu pale, mwageni na mavi ya utumbo, wiki hii na kila wiki, wakija wamkute ananuka.

Alidhani ametupa kazi nyepesi, tena ya kulipiza kisasi kwa niaba ya yule msichana.

"Astaghfirullah," shehe akasema. "Dada, mwambie huyu mzee. Kuchinja kaburini mimi siwezi, hiyo ni shirki, ni kumwabudu asiye Mungu."

Na mimi nikamwambia, kwa Kiingereza changu cha hasira. "Baba, hatumchinjii. Unajua unaomba nini? Kwetu damu ya mbuzi inamwagwa kaburini kwa mtu aliyependwa. Yule aliyelea watu. Anamwagiwa damu, anamwagiwa na hayo mavi ya tumboni unayoyaita uchafu, ili anywe, ashibe, ajue watoto wake hawajamsahau. Mimi nimchinjie huyo? Nimnyweshe? Babu yangu atanishukia usingizini!"

Akanikodolea macho. "Kwa hiyo nitakuwa namlisha."

"Utakuwa unamfanyia sherehe."

"Na mtu kama yeye, kwenu mnamfanyia nini?"

"Hapati kitu. Hachinjiwi, mtoto hapewi jina lake, hatembelewi. Majani yanamfunika, basi. Asipate hata tone."

"Hata tone," akarudia. Aliitikia kwa kichwa mara nyingi, akatoka. Mimi nilidhani amekubali na nikarudi kwenye matumbo yangu. Mara tukasikia chuma kinagonga jiwe. Alikuwa amechukua nyundo kubwa ya kupigilia nguzo, yuko kule vichakani, anavunja.

Shauri yake, nikasema moyoni, avunje tu. Lakini pikapu ikaingia uani kwa kasi, nguzo za uzio zimejaa nyuma, na aliyeruka kutoka ndani ni yule ndugu. Hatukuwa tumewahi kumwona. Mwembamba, miwani, shati la kazi jipya ambalo bado lina mikunjo ya dukani. Alisikia ile nyundo na akakimbia moja kwa moja. Sisi nyuma yake, shehe bado ana kisu mkononi, mimi na aproni ya damu.

Walikuwa wazee wote wawili na walipigana kama watu waliokuwa wamengoja tangu utotoni. Mdogo alimrukia mgongoni. Mkubwa akamtupa chini, akampiga kiwiko cha uso, miwani ikavunjika, pua ikafumuka. Mdogo akamng'ata mkono. Mimi napiga kelele, "Acheni! Acheni, nyinyi ni ndugu!" na shehe anajaribu kuwatenganisha kwa mkono mmoja, kisu amekinyanyua juu kwa mwingine asije akamchoma mtu. Matusi yaliyotoka pale sitayaandika. Mkubwa akasema, "Alimning'iniza msichana!" Mdogo akasema, "Ni babu yetu!" Kisha nyundo ikawa mikononi mwa mdogo. Sijui aliipataje. Akaizungusha, chuma kikampata mzee juu ya jicho, na nikasikia ule mlio ninaoujua, wa mfupa wa kichwa unapopasuliwa kwa shoka tukitoa ubongo.

Mzee akaanguka kifudifudi juu ya bamba la jiwe.

Damu ya kichwa ni nyingi, haina subira. Ilitoka ikatambaa juu ya jiwe, ikaingia kwenye mikwaruzo ambayo ilikuwa haisomeki, ikaijaza mmoja mmoja. Na mbele ya macho yangu, Mungu wangu, zikawa herufi. Jina, mwaka, na maneno ya dini ya kumsifu. Mekundu, yamesimama wazi.

Yule ndugu alipiga magoti. Nilidhani anamwinua kaka yake. La. Alipitisha kidole juu ya jiwe na kuanza kusoma. Polepole, kwa sauti, damu ya pua yake mwenyewe inamdondoka kidevuni, inaingia pale pale. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa akihangaika miaka yote hilo jina lisomeke, mara kwa kusugulia karatasi juu ya jiwe, mara kwa kulipaka makaa, na sasa limejitokeza, amesahau kila kitu.

Nilimzaba kibao ambacho mpaka leo nikikikumbuka kiganja kinawasha. "Ndugu yako anakufa na wewe unasoma!" Nilimwambia kwa Kiswahili, na alielewa, maana alishtuka kama ameamshwa, akamtazama aliyelala pale, akaanza kulia kilio cha mtoto mdogo.

Wenzetu wengine walitaka tukimbie. Sikuwalaumu. Karatasi za wengine zilikuwa zimekwisha muda, visu vina damu, na polisi wakifika wakute Mzungu amepasuliwa kichwa katikati ya Waafrika, nani atauliza ni damu ya mbuzi au ya mtu? Lakini shehe alikuwa ameshavua shati, amemfunga mzee kichwa. "Anapumua, dada. Shika miguu." Tukamweka kwenye teksi ya shehe, pamoja na ndugu yake. Kabla sijapanda nikarudi mbio, nikachukua karai langu la maji ya kuoshea matumbo, nikalimwaga lote juu ya lile jiwe, kisha la pili, nikasugua kwa aproni. Damu ilikuwa imeshanyonywa kwenye nyufa za nyundo. Ilikataa kutoka.

Alifika hospitali akiwa hai. Walimshona, jicho la kushoto halikupona. Alipozinduka jioni ile aliwaambia askari kwamba ameanguka mwenyewe, akashikilia hivyo hivyo walipomwuliza tena. Kisha akaomba mimi niingie. Kichwa kilikuwa bendeji tupu, jicho moja linanitafuta.

"Alikunywa?" akaniuliza.

Ningeweza kusema la. Nilikuwa na huruma naye kiasi hicho. Lakini mtu ambaye ameshinda majira ya baridi yote akitafuta ukweli, utamdanganyaje kitandani?

"Alikunywa, baba. Nilimwaga maji, hayakusaidia."

"Basi amepata sherehe yake."

"Amepata. Lakini sisi hatukumchinjia. Mmemchinjia nyinyi wenyewe."

Machozi yakamtoka kwenye lile jicho moja na kuingia sikioni. Nilimfuta. Kisha akaniuliza ndugu yake yuko wapi. Nikamwambia yuko hapo nje, amekaa kwenye korido tangu tulipofika, hasemi na mtu, na damu imemkaukia mikononi mpaka kwenye viwiko, manesi wamemwonyesha bomba na hakuinuka.

Mzee akafumba jicho.

"Mwambie akanawe," akasema. "Akanawe mikono, kisha aingie."