Kata ya Mjane wa Mkange

Miaka michache kabla Wajerumani hawajaushika mji, nilikuwa karani wa msafara uliokuwa ukijiandaa Bagamoyo kwenda bara. Nilikuwa kijana niliyesomeshwa na mapadri, na nilijiona mjanja. Niliamini kila mtu ana jambo analolificha, na kazi yangu ni kulifichua.

Wapagazi walikuwa na mchezo wao kambini. Robota moja la nguo za merikani lilifungwa kubwa makusudi, na mwenye kujiamini alilinyanyua peke yake, akauzunguka uwanja bila kulitua. Aliyeweza aliandikwa mpagazi wa mzigo mkubwa. Wanawake walikuja kupiga vigelegele tu. Safarini walifuata waume zao na vyungu vichwani, wala hakuna aliyewaita wapagazi.

Siku hiyo wanaume walikwisha kushindwa alipojitokeza mjane mmoja wa kijiji cha Mkange. Alitaka kujaribu, na akiweza, aandikwe kama wanaume.

"Mama, huo si mtungi!" mmoja alimpigia kelele.

"Mtungi ungenisumbua, mwanangu. Maji yanachezacheza. Nguo zimelala."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa namtazama shingo na miguu, nikiwaza huenda ni mwanamume aliyejifunga kaniki. Kisha nikamwona ameishika kata yake ya kuwekea mzigo kichwani kwa mikono miwili, anainong'oneza.

Alichuchumaa, akaliegemeza robota pajani, akalipandisha begani, kisha kichwani juu ya kata. Akasimama. Aliuzunguka uwanja wote huku vigelegele vikimfuata, kisha akalitua.

"Dawa!" nilisema. "Imo ndani ya kata."

Mnyapara wa msafara alinigeukia. "Una hakika, karani?"

"Hebu ifunguliwe."

Niliomba kisu, nikaipasua mbele ya watu. Ndani mlikuwa na majani makavu ya mgomba na kipande cha kaniki kuukuu.

"Ulikuwa unainong'oneza nini?"

"Bismillahi," alisema. "Wewe ukianza kuandika husemi kitu?"

Alilinyanyua tena robota, safari hii bila kata. Shingo ilimtetemeka, lakini aliuzunguka uwanja mzima. Alipolitua, utosi ulikuwa umechubuka.

"Sasa, karani," mnyapara aliniuliza, "tumwandike?"

Alikuwa ameshinda mara mbili. Lakini kata ilikuwa imelala pale chini imepasuliwa, watu wote wananitazama, na mimi bado nilitaka iwepo hila fulani. Nikasema wapagazi wetu hubeba begani, yeye amebeba kichwani, kwa hiyo hakushinda.

"Mbona bega hamkulitaja kabla sijanyanyua?"

Mnyapara alilikubali neno langu kwa kuwa nilikuwa nimesoma. Mwanamke yule aliokota majani ya kata yake, hata yale yaliyokwisha kupeperuka, akaondoka.

Nilisema uongo, kwani sharti la bega halikuwapo, na nilijua ni uongo wakati nikiusema. Sijapata wa kumlaumu isipokuwa nafsi yangu.

Msafara ulipoondoka, robota lile lilikuwa halijapata mtu wa kulibeba peke yake. Lilining'inizwa kwenye mti wa kubebea, wanaume wawili wakalichukua, mmoja mbele, mmoja nyuma. Kila mmoja alikuwa na hirizi ya ngozi mkononi, hadharani. Sikuomba kisu.