Darasa Lililoachwa Lilivyo

Mwelu Musembi alikuwa amefundisha watoto wadogo wa nasari mtaani Kawangware kwa muda mrefu, hata baadhi ya wazazi waliomletea watoto walikuwa wamepita mikononi mwake wao wenyewe. Hakuwa mtu wa makuu. Alikuja Nairobi kutoka Mutomo na cheti cha ualimu, akaolewa na Kitavi, karani wa ofisi moja Hurlingham, wakapanga nyumba Kangemi na kumpata mtoto wao wa pekee, Kisilu. Watoto aliowafundisha walikaa kwenye mikeka ndani ya ukumbi wa kanisa, wakaimba, wakahesabu vidole, na yeye akaridhika.

Kilichomwondolea raha ni mwaka wa 2003, serikali ilipofanya shule ya msingi kuwa ya bure. Watu walishangilia, na Mwelu akashangilia nao. Lakini nasari haikuwa ya bure, na wazazi wengi waliona ni heri mtoto aruke moja kwa moja hadi darasa la kwanza. Ukumbi wa kanisa ukabaki na watoto wa kuhesabika. Siku moja alikwenda shule ya jirani kuwatazama wanafunzi wake walioondoka. Aliwakuta wamebanana darasani, wengine wameketi sakafuni, mwalimu hana hata pa kupitisha mguu. Mmoja wao alikuwa amejikojolea na hakuna aliyejua.

"Wale watatoka pale hawajui kusoma," alimwambia mumewe jioni hiyo. "Halafu watu watasema ni wajinga."

"Sasa wewe utafanya nini, mama Kisilu?"

"Nitasoma mimi."

Kitavi alicheka, lakini mkewe hakuwa akitania. Tayari alikuwa na digrii aliyoipata kwa kusoma wakati wa likizo. Akaongeza shahada ya pili, kisha akaingia kwenye uzamifu, akiwa mwanafunzi mwenye mvi kati ya vijana. Msimamizi wake alikuwa Profesa Kibe, mtu mpole, mwenye ofisi finyu ya chuo kule mjini, iliyojaa tasnifu za watu waliokwisha kufuzu. Mwelu alitaka kuonyesha jambo moja: kwamba mtoto maskini akifundishwa kwa mchezo, kwa vifuniko vya soda, mchanga, vipande vya mbao na hadithi, atazungumza na kusoma vizuri kuliko yule anayeimbishwa alfabeti kutwa nzima.

"Ili uonyeshe hivyo, unahitaji madarasa mawili," Profesa Kibe alimwambia. "Moja ulibadilishe. La pili uliache lilivyo, ulinganishe."

Darasa la kubadilishwa likawa lilelile la Kawangware, ambalo sasa lilikuwa chini ya Virginia, mwalimu kijana aliyechukua nafasi yake. La pili lilikuwa Kibera, upande wa karibu na Kenyatta Market, kwenye chumba cha mabati alichofundishia mwanamke aliyeitwa Naliaka. Mwaka wa 2007 ulipoanza, Mwelu aliwapima watoto wa madarasa yote mawili, akakuta wanalingana. Kisha akaanza kwenda kwa Virginia kila wiki na mafunzo yake. Kwa Naliaka alikwenda na kalamu tu.

Virginia alishika mambo upesi. Kufikia katikati ya mwaka ukumbi wa kanisa ulikuwa na kelele nzuri. Watoto waliuziana sukari ya mchanga, wakagombana juu ya bei, wakasimuliana uongo mtamu kuhusu fisi. Wazazi walianza kurudi.

Tatizo ni kwamba Virginia na Naliaka walikuwa wakisukwa nywele kwa msusi mmoja Kenyatta Market. Mwelu alipofika Kibera mara iliyofuata, Naliaka hakumkaribisha kiti.

"Mwalimu Mwelu, kwani watoto wangu wamekosea wapi?"

"Hawajakosea, Mwalimu."

"Mbona wa Virginia wanapewa na wangu wanaangaliwa tu? Wewe unakuja hapa, unaandika, unaenda. Mimi nilidhani ndivyo utafiti ulivyo. Kumbe kwingine mnafundisha!"

"Ni mpango wa kazi. Nikiwapa nyote, sitajua ni nini kilichosaidia."

"Na kama unajua tayari kinasaidia?"

Mwelu alifunga kalamu yake, akaaga. Alikwenda mjini kesho yake akamweleza Profesa Kibe. Yule mzee alivua miwani, akaifuta kwa tai.

"Hilo ni swali zuri, na kila mtafiti huulizwa. Lakini ukiwapa sasa hivi, umemwaga kazi yote. Nani atakusikiliza wizarani? Wape mwaka ukiisha. Ndiyo haki."

Lilikuwa neno la busara, na Mwelu alilibeba hadi Kibera kama alivyopewa. Januari, alimwahidi Naliaka, shule zikifunguliwa atakuja na kila kitu, wafundishe pamoja. Naliaka alimtazama, akaitikia kwa kichwa. Tangu hapo alimpa kiti, lakini hakumpa tena mazungumzo.

Novemba ilikuwa zamu ya kupima tena. Katika darasa la Naliaka kulikuwa na msichana aitwaye Janice, mtoto asiyesema. Mwanzoni mwa mwaka hakutamka neno, na sasa pia alitazama picha zote za Mwelu bila kufungua kinywa. Ilipofika sehemu ya kuhesabu, Mwelu alimwekea vipande vya mbao mezani. Janice akachukua kimoja, chekundu, akakigeuzageuza, akakinusa. Halafu akakisimamisha juu ya kingine, akatabasamu.

"Nyumba," alisema.

Naliaka, aliyekuwa mlangoni, alishika mdomo. Lakini neno hilo halikuwa miongoni mwa majibu yaliyotakiwa, na watoto wengine walikuwa wakingoja zamu. Mwelu alinyoosha mkono kukichukua kipande. Janice hakukiachia. Ikabidi mwalimu wa miaka mingi akunjue vile vidole kimoja kimoja, kwa upole, huku akisema, "Nitakuletea vingine, mama. Nitakuletea vingi."

Matokeo yalikuwa mazuri kuliko alivyoota. Watoto wa Virginia walikuwa wamewaacha wenzao mbali kabisa. Profesa Kibe alimpa mkono kwa mikono miwili. Mwelu alirudi Kangemi, akampikia Kitavi kuku, na wakati wa kula alijikuta hana hamu.

Uchaguzi ukaja mwisho wa Desemba, na baada yake ghasia, yale ambayo kila mtu wa Nairobi aliyaona kwa namna yake. Mwelu aliyaona kwa moshi. Walijifungia nyumbani siku nyingi, Kitavi akisikiliza redio, yeye akipiga simu ya Naliaka ambayo haikupatikana. Shule zilichelewa kufunguliwa. Njia zilipopitika, alikwenda Kibera. Chumba cha mabati hakikuwepo. Moto ulipita, na mabati yaliyosalia yalichukuliwa na watu waliohitaji kuezeka kwingine. Alisimama mahali alipokuwa akiwekewa kiti na akashindwa kujua mlango ulikuwa upande gani.

Alimwendea msusi wa Kenyatta Market.

"Naliaka alienda kwao, Bungoma," msusi alimwambia, mikono ikiendelea kusuka kichwa cha mteja. "Wazazi nao walitawanyika, kila mtu na ushago wake, kijijini kwao. Wengine wako pale uwanja wa Jamhuri, kwa mahema ya wakimbizi. Si ujaribu huko?"

Alijaribu. Alizunguka kambini kwenye matope, akiwauliza akina mama waliopanga foleni ya unga. Aliwapata watoto watatu wa lile darasa. Walimkumbuka, wakamwamkia kwa sauti moja kama walivyofundishwa. Aliwauliza habari za Janice. Mmoja akasema amesafiri na nyanyake, mwingine akasema hapana, alibaki. Hawakujua. Mwelu hakumpata, si siku hiyo wala siku nyingine alizorudi.

Naliaka alipatikana kwa simu mwezi Machi. Alikuwa akilima shamba la kaka yake.

"Mwalimu, pole," Mwelu alisema. "Pole sana. Nilikuwa nimewaandalia kila kitu. Nilikuwa nakuja Januari."

"Najua ulikuwa unakuja."

"Kama ningejua..."

"Usijisumbue, Mwalimu. Si wewe uliyewasha moto." Upepo ukasikika kwenye simu. "Lakini wangekuwa na ule mwaka. Mtu hawezi kuchomewa mwaka aliokwisha kuupata. Hilo tu ndilo huwa linaniuma."

Kwenye tasnifu, watoto wale waliitwa washiriki walioondoka baada ya upimaji. Mwelu aliandika kurasa kadhaa kuwahusu, Profesa Kibe akazisoma na kumrudishia. "Hii ni huzuni yako," alisema kwa sauti ya chini. "Ni ya kweli, lakini si matokeo." Ikabaki aya moja.

Alitetea kazi yake mwaka wa 2009 mbele ya jopo. Maswali yalikuwa ya kawaida mpaka mtahini kutoka nje ya chuo, mama mmoja mnene aliyekuwa kimya muda wote, alipofunua ukurasa wa ile aya.

"Darasa la pili lilipata nini baadaye?"

"Halikupata kitu," Mwelu alijibu.

Mwenyekiti akakohoa, wakaendelea. Alifuzu bila masahihisho makubwa. Kitavi alimvalisha shada la maua, na kanisani wakamwita mbele akapigiwa makofi. Nakala ya tasnifu ilipelekwa wizarani, ikapokelewa kwa shukrani, na hakusikia zaidi.

Shirika moja la Westlands likamwajiri kuandika miongozo ya walimu wa watoto wadogo. Kazi ilikuwa ya heshima. Siku moja, Pasaka ikikaribia, akiwa ametoka kumwona Kitavi ofisini kwake, alimpitia Virginia. Virginia naye alikuwa Hurlingham sasa. Habari za darasa lake zilikuwa zimevuma, na shule moja ya watoto wa wenye uwezo, nje kidogo ya barabara ya Argwings Kodhek, ilimchukua. Ukumbi wa kanisa, bila darasa tena, ukakodiwa na watu wa harusi.

Darasa lilikuwa zuri. Kulikuwa na sanduku la mchanga mweupe uliochekechwa, na vipande vya mbao vyenye pembe laini, vingi kuliko watoto.

"Usinikasirikie, Mwalimu," Virginia alisema walipoketi kwenye vile viti vidogo. "Nami nina watoto wa kulea."

"Sijakukasirikia."

"Wazazi wanaipenda sana hii njia yetu. Juzi mmoja aliniuliza tumeitoa nchi gani."

"Ukamwambiaje?"

Virginia alitazama chini. "Nilimwambia Ulaya. Ningesema Kawangware, wangemtoa mtoto."

Mwelu alicheka, na Virginia, kwa kuona amecheka, akacheka pia. Waliongea habari za nyumbani mpaka kengele ikalia na madereva wakaanza kuja kuchukua watoto. Kisha Daktari Mwelu Musembi akashika mkoba wake, akamuaga mwalimu wake bora kuliko wote, akatoka. Mvua ilikuwa imeanza. Alipita Kenyatta Market kwa mbali, upande wa pili wa barabara, kama alivyozoea siku hizo, asije akakutana na yule msusi, na nywele akaenda kusukwa Kangemi.