Fundi Makochi na Watu Aliowaita

Mtaani walimwita Tarumbeta, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza makochi, katika kibanda kilichojaa vumbi la sponji, ubavuni mwa duka la saruji. Siku za kazi hakuwa msemaji. Lakini Jumamosi mchana, akisimama sokoni na kipaza sauti cha kanisa, hata wauza nyanya waliacha kupimia wateja. Alikuwa akiita na watu wanakuja: wanapiga magoti kwenye matope, wanalia, wanaongozwa sala ya toba, wanapigiwa makofi. Kisha vijana wanapakia spika kwenye gari, na Tarumbeta anarudi nyumbani moyo mweupe.

Mmoja wa waliokuja alikuwa mwanamke muuza viatu vya mitumba, mlevi ambaye ndugu zake walishamnawia mikono. Siku chache baada ya kuokoka alimfuata kibandani.

"Samahani, mtumishi. Nikipiga magoti nisali, inanijia hamu ya pombe tu. Nifanyeje?"

Tarumbeta alikuwa amebana misumari midomoni. Akaitemea kiganjani. "Mungu ni mwaminifu, dada. Wewe kaza mwendo. Jumapili njoo kanisani."

"Nilikuja. Walinisimamisha wakanipigia makofi. Baada ya hapo hakuna aliyeniuliza hata ninakaa wapi."

"Watakuzoea tu."

Aliporudi tena alikuta kibanda kimefungwa. Tarumbeta alikuwa amekwenda kuhubiri mji wa jirani. Safari nyingine alimkuta akihangaika na kochi la mteja mkorofi, akaambiwa asubiri. Akasubiri weee, mwisho akaondoka bila kuaga.

Mkewe Tarumbeta, ambaye ndiye aliyekuwa akimkatia vitambaa vya makochi, aliyaona yote hayo.

"Baba Pacha, yule dada umemfanyia nini?"

"Nimfanyie nini tena? Nimempeleka kwa Bwana."

"Bwana mwenyewe aliwaita watu, akala nao, akalala walipolala. Wewe unawaita halafu unapanda gari."

Neno lile lilimchoma, lakini akajifanya hamnazo, akaendelea kugonga misumari.

Miezi ikapita. Siku moja alipita mbele ya meza ya yule mwanamke. Macho yalikuwa mekundu, midomo imepasuka, na chupa imefichwa ndani ya buti la mvua. Mwanamke hakukasirika kumwona. Hilo ndilo lililomkata maini Tarumbeta.

"Dada, nimekukosea. Tuanze upya. Nitakuja na mke wangu, tusome Neno, tusali pamoja."

Mwanamke akapangusa kiatu kwa kitambaa, akakirudisha mezani. "Mtumishi, ulinizaa ukaniacha pale pale chini. Usingeniita, ningekuwa bado na mahali pa kukimbilia. Sasa huko nako nimeshafika, nikakuta hakuna mtu. Nunua viatu au nipishe, unanizibia wateja."

Tarumbeta alikwenda moja kwa moja kwa mchungaji, akamsihi mikutano isimame kwanza, wakae na wale waliokwisha kuamini. Mchungaji alimsikiliza kwa upole, akamwambia kila mtu na kipawa chake, na cha kwake ni kuvuta watu.

"Hilo la kuwalea tutalipanga," akasema. Hiyo "tutalipanga" Tarumbeta alikuwa ameisikia tangu pacha wake wanatambaa.

Basi akapiga moyo konde, akaanza mwenyewe: akatangaza kanisani kwamba waliookoka mikutanoni wafike kibandani kwake. Alhamisi jioni alipanga makochi mabovu ya kibandani kwa duara, mkewe akachemsha chai. Wakaja watu wawili: mlinzi wa ghala na mama muuza mkaa. Wote wawili walisema aliwaongoza toba yeye mwenyewe, ingawa sura zao hakuzikumbuka, na aliona haya kuwauliza ilikuwa lini.

Mama muuza mkaa ndiye aliyeanza. "Kaka yangu amenidhulumu nyumba ya mama yetu, na kila siku tunapishana mlangoni. Mtu ambaye bado anakudhulumu, unamsameheje?"

Tarumbeta akafungua Neno, akapekua mbele, akapekua nyuma. Naye aliokokea uwanjani, akapigiwa makofi, na muda si muda akakabidhiwa kipaza sauti. Hakuna aliyewahi kukaa naye chini akamfundisha chochote zaidi ya kuita. Kwa kuzidiwa, sauti ikampanda yenyewe: waje kwa Yesu, waje jinsi walivyo, mlango uko wazi.

Mlinzi akamwacha amalize.

"Tumeshakuja, mtumishi," akasema taratibu.

Hakuna aliyecheka. Wakanywa chai, wakashukuru, wakaenda zao. Alhamisi iliyofuata makochi yakapangwa tena, hakutokea mtu.

Jumamosi vijana wa kanisa walipopiga honi nje, Tarumbeta aliwaambia koo linamuuma. Wakamwombea pale pale mlangoni, haraka haraka, gari likiunguruma, kisha wakaondoka. Akaketi kwenye kochi lililochunwa kitambaa, mikono juu ya magoti, akitazama sakafu. Mkewe hakumuuliza habari za koo. Alisogea dirishani penye mwanga akaendelea kukata, maana kochi la mteja lilitakiwa Jumatatu.